'NA' ILIVYOTAKA KUVUNJA NDOA YA KAKA YANGU

*Barua ya mahari ilisomwa vingine. Halafu mdogo wangu akasema kwa Wakorea 'na' maana yake ni 'au'!*



Wiki hii nataka tuongee kuhusu neno ambalo huenda ndilo dogo kuliko yote unayoyatumia kwa siku. Neno lenyewe lina herufi mbili tu: 'na'. Najua wapo watakaoguna, "Huyu naye! Amekosa cha kuandika?" Subiri kwanza. Nilikuwa nafikiri kama wewe mpaka mwaka jana, pale herufi mbili hizo pamoja na ndugu yake 'au' zilipotaka kuvunja ndoa ya kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi.

Barua yenyewe

Kaka yangu alimpata mchumba upande wa pili wa mto, kule Ulanga. Sisi tupo Ifakara mjini. Zamani ukisema una mchumba ng'ambo ya Mto Kilombero watu walikuonea huruma, maana ilikuwa lazima usubiri kivuko, na mto ukijaa ndiyo basi tena. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2018, mapenzi yamekuwa rahisi. Ukipanda bodaboda hata jasho halijakauka umeshafika ukweni.

Basi tukapeleka posa, ikapokelewa vizuri. Mwezi wa sita, wakati watu wametoka kuvuna mpunga na mifuko ina uzito kidogo, barua ya mahari ikaletwa na mshenga. Mjomba, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akavaa miwani yake akaisoma mbele ya wazee. Sehemu iliyoleta kasheshe ilikuwa sentensi moja tu, nayo nimeikariri mpaka leo:

"Tunaomba mkaja wa mama, blanketi la bibi na mbuzi wawili au shilingi laki mbili."

Hebu isome tena taratibu, mpenzi msomaji, halafu ujibu mwenyewe: hiyo laki mbili ni badala ya nini?

Mjomba alipiga makofi. "Hawa watu waungwana sana," akasema. "Wanatuambia tulete vitu, au kama vitu vinasumbua tulete laki mbili mambo yaishe." Wazee wote wakatikisa vichwa. Kaka alikuwa na gunia zake za mpunga, akauza, laki mbili ikapatikana siku hiyo hiyo, noti mpya mpya, zikatiwa kwenye bahasha ya kaki.

Tukakodi Noah, tukavuka daraja tukiimba.

Kule nako walikuwa wamejiandaa. Kuku walishachinjwa na mikeka imetandikwa. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Mshenga akatoa bahasha, ikahesabiwa. Baba mdogo wa binti akasema, "Vizuri, hii ni ya mbuzi. Mkaja wa mama na blanketi la bibi viko wapi?"

Kimya! Nilimwona mjomba anavua miwani na kuivaa tena. Akasema yeye anajua laki mbili ndiyo imemaliza yote. Yule mzee akacheka kwa dharau, akasema kwao binti hauzwi kwa bei ya mbuzi wawili. Mjomba naye akapanda. Mwingine akajibu. Kufumba na kufumbua watu wazima wanashikana mashati, mshenga yuko katikati anaamua, kofia yake imeshakanyagwa. Kuku hakuliwa. Tulirudi Ifakara usiku bila kuimba, na bahasha yetu tukarudishiwa.

Nani alikuwa na haki?

Hapa ndipo penye mkasa. Wote walikuwa na haki! Sentensi ile ina milango miwili ya kutokea.

Mlango wa kwanza ni ule wa mjomba wangu. Vitu vitatu vyote viko upande mmoja, laki mbili iko upande wa pili, 'au' imekaa katikati kama mizani. Chagua upande mmoja uende.

Mlango wa pili ni ule wa wakwe. 'Au' imeshika mbuzi peke yao, kwa kuwa ndio walio jirani nayo. Kwa hiyo mkaja ni lazima, blanketi ni lazima, ila mbuzi unaweza kuwaleta wanatembea ama ukawaleta wakiwa noti.

Kiswahili chetu hakina alama ya kumwambia msomaji mlango upi ndio wenyewe. Mwandishi wa barua alijua moyoni mwake, lakini moyo haukutiwa kwenye bahasha. Angekuwa anaongea tungeelewa, maana mdomo unapumzika pale panapotakiwa. "Mkaja wa mama. Blanketi la bibi. Na mbuzi wawili-au-laki-mbili." Karatasi haipumui.

Bibi yetu mzaa mama, ambaye hakusoma hata darasa moja, ndiye aliyesema siku ile ile usiku: "Si mngewauliza kabla ya kwenda?" Wazee wakajifanya hawajasikia.

Mdogo wangu na Wakorea wake

Sasa sikia hili. Mdogo wangu wa kike ni mgonjwa wa tamthilia za Kikorea. Hii si habari ngeni, nyumba nyingi zina mgonjwa wa aina hiyo tangu enzi za Jumong, ile iliyotengenezwa 2006 na ikaja kusambaa huku kwetu mpaka vibanda vya video. Tofauti ya mdogo wangu ni kwamba yeye hataki zile zilizowekewa sauti ya Kiswahili. Anataka kusikia wenyewe wanavyosema, na ana daftari la kuandikia maneno.

Siku tatu baada ya lile balaa, nyumba nzima bado imenuna, yeye akaropoka wakati wa kula: "Afadhali hata nyie. Kwa Wakorea 'na' maana yake ni 'au'."

Kaka alitaka kumrushia kijiko. Mimi nikamwomba lile daftari.

Na kweli, mshikaji wangu! Mkorea akikuuliza kama unataka kahawa au chai, anasema hivi (nayaandika kwa herufi zetu kama yanavyosikika): "kopi-na cha". Chai wanaiita 'cha', kahawa wanaiita 'kopi'. Mswahili yeyote akisikia hapo ataelewa kwamba analetewa vyote viwili, kahawa na chai, na atakaa akijinyoosha miguu. Kumbe anaambiwa achague kimoja. Neno likiishia na irabu wanabandika 'na'. Likiishia na konsonanti wanabandika 'ina'. Maji wanaita 'mul', hivyo maji au chai ni "mul-ina cha".

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaamua kulisoma daftari lote.

Wakorea waliwahi kuishi bondeni kwetu

Kabla sijaendelea nikukumbushe kitu ambacho vijana wengi wa Ifakara hawakijui. Wakorea si watu wa kwenye luninga tu kwetu hapa. Miaka ya 1980 serikali yetu na ile ya Korea Kaskazini zilianzisha kwa ubia shamba kubwa la mpunga pale Mngeta, ndani ya bonde hili hili la Kilombero. Kampuni ilijulikana kwa kifupi kama KOTACO. Mradi ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaondoka, na baadaye shamba hilo lenye zaidi ya hekta 5,000 likaja kulimwa na wawekezaji wengine, nao pia kwa mpunga.

Mjomba yule yule wa bahasha alipata kibarua Mngeta akiwa kijana. Nilipomuuliza walikuwa wanaelewana vipi, alijibu kwa vidole. Alinyoosha kimoja, akanyoosha cha pili, akavishikanisha. Hiyo ndiyo ilikuwa 'na' yao.

Siku hizi ni Wakorea wa Kusini tunaowasikia zaidi. Daraja la Tanzanite pale Dar es Salaam, lililofunguliwa 2022, lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, na vichwa vya treni mpya ya umeme vimetengenezwa huko. Lakini wa Kaskazini na wa Kusini lugha yao ni moja, na hizi 'na' zao ni zile zile.

Jambo lililonifurahisha mimi mtoto wa mpunga ni kwamba hawa jamaa na sisi tunaelewana kwenye sufuria. Mzungu ana neno moja tu kwa mpunga, mchele na wali. Mkorea kama sisi ana matatu: mpunga shambani ni 'byo', mchele ni 'sal', wali ni 'bap'. Na usishangae, hata ukoko wana jina lake, wanauita 'nurungji', na wanaugombea kama sisi tulivyokuwa tunaugombea utotoni.

Wana 'na' ngapi?

Sasa twende kwenye somo lenyewe. Sisi tuna 'na' moja inayofanya kazi zote. Wao wana kadhaa, kila moja na mahali pake, kama vile mtu mwenye shati la kazini, la harusini na la kulalia.

Ya kwanza ni 'hago'. Hii ni ya kila siku, ya sokoni na nyumbani. Mchele na chumvi ni "sal-hago sogum". Hii haina masharti, unaibandika popote.

Ya pili ni 'wa' au 'gwa', ambayo imekaa kimaandishi zaidi. Ukiandika barua ya mahari kwa Kikorea ungetumia hii. Neno likiishia na irabu unaweka 'wa', likiishia na konsonanti unaweka 'gwa'. Nyama wanaita 'gogi', kwa hiyo nyama na mchele ni "gogi-wa sal". Ukigeuza ukaanza na mchele inakuwa "sal-gwa gogi".

Ya tatu ni 'rang' au 'irang'. Hii ni ya kishkaji, ya watoto, ya wapenzi. "Omma-rang" maana yake ni 'mama na...'. Ukiwasikia wawili kwenye tamthilia wameanza kutumiana hiyo, ujue mambo yameiva.

Umegundua kitu? Kila mara kile kineno kimeng'ang'ania neno lililo nyuma yake. Sisi 'na' yetu inashika linalofuata. Ushahidi ni huu: tunasema nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao. Imejibandika mbele ya mtu anayeongezwa. Mswahili akiwa anafikiria cha kuongeza sokoni anasimama hivi: "Nipe mchele... na kitunguu... na nyanya." Pumzi inakatwa kabla ya 'na'. Mkorea anasimama baada yake: "Mchele-na... kitunguu-na... nyanya." Yaani yeye akishataja cha kwanza anakuwa ameshakutangazia kwamba kuna kingine kinakuja, usifunge mfuko. Sisi muuzaji anafunga mfuko, anataja hela, ndipo unasikia "Na pilipili!" Wauza duka mnanielewa.

'Mimi pia'

Kuna kineno kingine ambacho mashabiki wa tamthilia wanakijua hata usingizini, nacho ni 'do'. Hii ni 'pia' yao. Mimi ni 'na' (ndiyo, tena 'na'!), hivyo mimi pia ni 'nado'. Mwanaume akimwambia binti 'saranghe', yaani nakupenda, binti akainama akajibu "nado", ujue hapo hata mama yangu anayejifanya hapendi sinema hizo anafuta machozi.

'Do' hiyo hiyo ukiitumia mara mbili na kukanusha, inakuwa 'wala' yetu. "Sal-do opko, gogi-do opta." Hakuna mchele wala nyama. Hapa naomba tujifunze jambo, maana vijana tumeanza kuitupa 'wala'. Unamsikia mtu anasema, "Sina mchele na nyama." Sasa huna vyote viwili, au huna viwili kwa pamoja lakini kimoja unacho? Ukisema "sina mchele wala nyama" hakuna wa kukuuliza mara ya pili. 'Wala' ni neno zuri, tusiliache kwa wazee peke yao.

Ile 'na' yao ya kuchagua nayo ina utamu wake. Ukimwalika mgeni na huna cha maana cha kumpa, Kikorea unaweza kusema "cha-na", ikimaanisha tunywe japo chai. Yaani ingefaa kitu kikubwa, lakini kwa leo tupokee hiki. Sisi tunasema 'japo' ama 'angalau'. Unyenyekevu ni ule ule.

Nikaenda, nikanunua, nikapika

Hayo yalikuwa ya kuunganisha vitu. Kuunganisha vitendo je? Hapo Mswahili anatamba. Tuna 'ka', ambayo hadithi zote za bibi zimejengwa juu yake: alikwenda, akaona, akarudi, akalala. Wakati unatajwa mara moja mwanzoni, yaani 'alikwenda', vingine vyote vinafuata nyuma kama vifaranga.

Mkorea naye ana 'go', ambayo anaibandika kwenye kitendo. "Bap mokko, cha mashosso." Nilikula wali nikanywa chai. Tofauti ni kwamba kwake wakati unakaa mwishoni. Anasema kula-na, kunywa-na, kupika-na, halafu kitendo cha mwisho ndicho kinachokwambia kama ilikuwa jana au ni sasa. Ukimkatiza Mkorea katikati ya hadithi hujui kama mambo yameshatokea ama bado! Ni lazima umsikilize mpaka mwisho. Nikawaza, wazee wetu wangekuwa na tabia hiyo siku ya bahasha, ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, kofia ya mshenga isingekanyagwa.

Akitaka kuanza sentensi mpya kwa nyongeza anasema 'gurigo', kama sisi tunavyosema 'halafu', 'vilevile', 'isitoshe', 'zaidi ya hayo'. Na orodha ikiwa ndefu anamalizia na 'dung', yaani 'na kadhalika'. Sisi mtaani tuna yetu ambayo hukuifundishwa darasani: 'sijui'. "Anataka sijui kiatu, sijui simu, sijui nini." Msemaji anavijua vyote vizuri sana, ila anakuonyesha amechoka navyo. Akina kaka wenye wachumba nao mnanielewa.

Kuna moja nimelipenda kuliko yote. Ukinunua vitu kwa mama wa sokoni kule Korea, akakurushia kitunguu kimoja cha bure juu yake, hicho wanakiita 'dom'. Kwetu ni nyongeza. Nilidhani ni sisi peke yetu tunaomwambia mama wa mchele, "Mama, nyongeza basi," naye anachota kiganja na kumwaga juu ya kilo. Kumbe dunia nzima masikini wanajuana.

'Na' yetu nayo ina vituko

Tusiwacheke Wakorea. 'Na' yetu moja nayo ukiichezea inakutia matatani. Angalia:

Mjomba na mshenga walikuja. Wote wawili ni wageni, heshima sawa.

Mjomba alikuja na mshenga. Hapa mgeni ni mjomba, mshenga amefuatana naye tu.

Mjomba alipigana na mshenga. Wote wametupa ngumi.

Mjomba alipigwa na mshenga. Hapa mmoja ndiye aliyetupa, mwingine alipokea.

'Na' ni ile ile, haijabadilika hata herufi. Kinachobadilika ni kitendo kilichokaa mbele yake. Mkorea akija kujifunza Kiswahili anaumwa kichwa hapo, kwa sababu 'hago' yake inaweza kuwa 'na' ya kuongeza, tena inaweza kuwa 'na' ya kufuatana kama vile 'nilikwenda na rafiki', lakini haiwezi kumpiga mtu. Tena bado hujamwambia kwamba 'nina' ya 'nina njaa' nayo ni 'na' hiyo hiyo imejificha ndani.

Andika hivi

Mpenzi msomaji, hii safu haikuachi hivi hivi. Wengi wenu mko kwenye umri wa kuandika barua za posa, orodha za kamati, mikataba ya chumba, madeni ya dukani. Nakupa mambo manne niliyojifunza kwa gharama.

Kwanza, 'au' ikiingia kwenye orodha yenye 'na', usiiache ielee. Ipe sentensi yake. "Tunaomba mkaja wa mama. Tunaomba blanketi la bibi. Tunaomba pia mbuzi wawili. Badala ya mbuzi, mnaweza kuleta shilingi laki mbili." Ni ndefu, ndiyo, lakini haimkanyagi mtu kofia.

Pili, ukiweza weka namba: 1, 2, 3. Namba haina ujanja. Mwenye nyumba akikwambia "kodi na umeme au maji," mwambie aandike kwa namba, utakuja kunishukuru.

Tatu, ukitumia 'pamoja na' eleza kama kitu hicho kimo ndani ya hesabu ama kiko nje. "Laki tatu pamoja na mkaja" ni ugomvi unaosubiri siku yake. Je, laki tatu ina mkaja ndani, au mkaja unaongezwa juu?

Nne, na hili ni la bibi yetu: uliza kabla ya kwenda. Simu ipo, na daraja lipo. Kuuliza si ujinga.

Blanketi la bibi

Najua unataka kujua ndoa iliishaje. Nitakwambia, ingawa sehemu hii siipendi.

Baada ya ile vurugu, pande zote mbili zilinuna. Mjomba alisema hakanyagi tena ng'ambo. Wakwe nao wakasema binti yao hana haraka. Kaka akawa anakonda tunamwona. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita. Shangazi ndiye aliyechoka, akachukua khanga yake, akapanda bodaboda peke yake bila kuaga, akavuka mto akaenda kukaa na mama wa binti jikoni siku nzima. Jioni alirudi na karatasi ya daftari iliyoandikwa 1, 2, 3, 4. Hakukuwa na 'au' hata moja.

Kaka akauza gunia jingine. Akanunua blanketi zito lenye maua mekundu, akaliweka juu ya kabati tusubiri siku. Siku ikapangwa mwishoni mwa mwezi wa tisa.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, tukapata habari kwamba yule bibi wa binti amefariki. Alikuwa mtu mzima sana. Tulivuka daraja kwenda msibani, mjomba akiwa mbele, na blanketi kaka alilibeba mwenyewe mapajani. Alimkabidhi mama mkwe, akashindwa kusema maneno. Yule baba mdogo wa 'binti hauzwi kwa bei ya mbuzi' ndiye aliyempokea, akamshika mkono, akamkalisha karibu yake. Hakuna aliyetaja barua.

Harusi ilifungwa mwezi wa kumi na mbili, ya kawaida tu, bila mbwembwe, pilau ya mchele wetu wenyewe. Shemeji yangu ni mtu safi, na ukoko anaugawa kwa haki.

Lakini siku nyingine nikimkuta kaka amekaa kimya jioni, najua anahesabu ile miezi. Bibi alikuwa ameomba kitu kimoja tu, cha kujifunika. Kilikuwa kimeandikwa kwenye barua tangu mwezi wa sita, kabla kabisa ya 'na'. Sisi tukasoma 'au'.

Kama nawe una kisa cha neno dogo lililokuletea balaa kubwa, niandikie kupitia gazeti hili, kizuri nitakitoa hapa hapa. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.